Mrejesho: Kolesteroli iko juu na mimi ni mwembamba

Asalaam aleikum. Niliuliza kwa nini kolesteroli yangu iko juu ilhali mimi ni mwembamba, viazi karai na mahamri nimeviacha, na kaka yangu alifariki kwa moyo akiwa na miaka 41. Wengi mlinishauri nipunguze mafuta. Mmoja akasema niulizie habari ya kurithi. Mungu amzidishie.

Daktari hapa Mombasa alipoona LDL yangu, yaani kolesteroli mbaya, ni 6.8 (kwa kipimo cha mmol/L), alinishika kwanza kano za nyuma ya visigino. Zimenenepa, na unene huo ni kolesteroli iliyojikusanya pale. Kisha akauliza ukoo mzima. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 kwenda juu, na nyumbani kuna aliyeugua moyo mapema, asiishie kulaumu chakula. Ini huvuta LDL kutoka kwenye damu kwa vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoinasa. Ukirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja, vipokezi vinavyofanya kazi hupungua, na kolesteroli hurundikana tangu utotoni. Si ajabu ya nadra: takriban mtu 1 kati ya 250 ana kolesteroli hii ya kurithi.

Natumia atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, na LDL imeshuka hadi 3.1. Daktari anataka ishuke zaidi, ameongeza dawa nyingine, ezetimibe.

Lililomtuliza mke wangu ni hili: si lazima kila mtoto arithi, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 50. Binti yetu mkubwa amepimwa, anayo. Mdogo hana. Dada zangu wa Likoni wamekubali kupima. Sasa namsihi shemeji awapeleke watoto wa marehemu, maana hao ndio wananinyima usingizi.