Rangwi hadi Mtae kwa miguu, milima ya Usambara

Kikundi: UZAO WA BIBI WA MTAE
Jumamosi, mwezi wa saba

06:08 Halima: Shikamooni wote. Tumeamka salama hapa Rangwi kwa masista. Baridi si mchezo, ukipumua unatoa moshi. Tumekunywa uji, tunafunga mabegi. Leo siku ya tatu na ndiyo ndefu kuliko zote. Tuko Mtae kabla ya magharibi Inshallah.

06:11 Mama: Marahaba mwanangu. Mguu umeamkaje?

06:13 Halima: Kisigino cha kulia kimetoa lengelenge, ukubwa wa sarafu ya mia. Buti bado mpya, na jana tuliteremka sana tukitokea Lukozi. Mteremko ndio umenichubua, siyo mlima.

06:14 Mama: Basi panda bodaboda. Mtae zinafika. Nani amekulazimisha kutembea?

06:16 Mama mdogo Asha: Limepasuka?

06:16 Halima: Bado

06:20 Mama mdogo Asha: Usilitoboe. Hiyo ngozi ya juu ndiyo bandeji yako. Osha na sabuni, kausha kabisa mpaka katikati ya vidole. Kata kipande cha sponji, toboa tundu katikati, lengelenge likae ndani ya tundu lisiguswe na kiatu. Plasta juu yake. Soksi kavu. Za jana zining'inize nje ya begi zikauke njiani.

06:38 Halima: 📷 Picha

06:39 Mama mdogo Asha: Safi. Kila mkisimama vua buti, mguu upate hewa. Usione uvivu.

06:41 Mjomba Korogwe: Onga maundo!

06:42 Halima: Niwedi Mjomba, shikamoo

06:45 Mjomba Korogwe: Marahaba. Dada mwache mtoto atembee. Halima, begi kilo ngapi? Mna mwenyeji wa njia?

06:47 Halima: Kilo 11 pamoja na maji. Niko na Idi na yule kijana wa Lushoto aliyetupitisha msitu wa Magamba siku ya kwanza, pale tulipowaona mbega.

06:52 Mjomba Korogwe: Vizuri. Sikiliza. Mkanda wa kiunoni ndio unabeba mzigo. Ukalie mifupa ya nyonga, ukaze huo kwanza, mabega baadaye. Ukibeba kwa mabega, saa sita mchana utakuwa umekwisha. Na kwenye kupanda, nenda mwendo ambao unaweza kuongea. Ukishindwa kumalizia sentensi, umezidisha.

06:53 Idi: Mjomba huyu sentensi hazimwishi hata akipanda 😂

06:55 Mama: Idi usimwache nyuma mwenzio.

06:55 Idi: Siwezi Mama mkubwa. Yeye ndiye atatangulia, mimi nafuata.

09:34 Halima: 📷 Picha
09:35 Halima: Mtandao umerudi, tuko juu ya mgongo wa mlima. Mjomba ona haya mashamba. Kabichi, viazi, njegere, karoti, yote yameshikilia mlima kama ngazi. Na kwenye kila kingo kuna majani marefu yamepandwa kwa mstari. Tumempita mama mmoja anayakata, amejitwisha mzigo mkubwa kuliko begi langu, na ametupita mlimani.

09:41 Mjomba Korogwe: Hayo ni mabingobingo na guatemala. Mizizi inashika udongo, majani anakula ng'ombe wa ndani. Nilikuwa bwana misitu wakati wa SECAP, ule mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza 1981, tumepanda sana hayo. Watu waliyapokea kwa sababu yanarudisha maziwa nyumbani.

09:44 Mjomba Korogwe: Waingereza walikosea hapo. Walianza na eneo la Mlalo 1946, kila shamba lipigwe matuta kwa lazima. Kazi ngumu kweli kweli, na nyingi iliwaangukia wanawake. Usipopiga, faini. Watu wakakataa mpaka mpango ukaachwa 1957.

09:47 Mama: Bibi yenu alikuwa na alama kiganjani ya jembe la matuta. Akitusuka nywele ulikuwa unaisikia kichwani, inakwaruza.

09:48 Halima: Mama hujawahi kuniambia hilo

09:50 Mama: Hujawahi kufika huko.

10:02 Mama: Mmekula?

10:15 Halima: Viazi vya kuchemsha na chumvi. Buti nimevua. Plasta imekaa vizuri, Mama mdogo asante sana.

12:20 Mama: Halima uko wapi sasa
12:51 Mama: Napiga hupatikani
12:52 Mama: Idi naye hapatikani
13:08 Mama mdogo Asha: Dada tulia, watakuwa bondeni. Mtandao huko unapatikana juu mlimani tu.
13:10 Mama: Nimeona kwenye simu kuna mawingu Lushoto.
13:15 Mjomba Korogwe: Huo ni ukungu tu, unatoka Bahari ya Hindi. Hewa ya baharini ikigonga milima inapanda, inapoa, inakuwa wingu. Ndiyo maana msitu haukauki hata kiangazi. Utafunguka mchana.

13:57 Halima: Mama samahani sana. Tuliingia bondeni, na ukungu ukashuka mpaka simwoni Idi hatua kumi mbele. Mwenyeji alitusimamisha chini ya mkaratusi tukavaa makoti ya mvua na kusubiri karibu nusu saa. Kimya kabisa, unasikia matone tu na mtu anapasua kuni mbali. Sasa umeinuka. Watoto wametuonyesha njia ya mkato kwenda Sunga, mmoja kanibebea fimbo.

13:58 Mama: Alhamdulillah. Bado nasema bodaboda.

14:01 Halima: Mama naomba niache nimalize. Mguu unauma lakini unakanyaga.

14:09 Mama: Haya. Kutoka Sunga usifuate barabara yote. Sisi tulikuwa tunapita juu, tukirudi gulio na marehemu mama, mizigo kichwani. Kuna mahali njia inakuwa nyembamba, kulia bonde na kushoto bonde. Ukifika hapo uko nyumbani.

14:10 Mama mdogo Asha: Jamani ile njia 😭

17:12 Halima: TUMEFIKA

17:13 Halima: 📷 Picha
17:13 Halima: 📷 Picha

17:16 Halima: Mama ni kama ulivyosema. Nyumba zimekaa juu ya ukingo, unasimama uani kwa mtu na mbele yako hakuna kitu, ni hewa tu. Nyuma yangu kijani kibichi kinadondosha maji, chini yangu nchi ya kahawia mpaka macho yanachoka. Tumetembea kama saa saba ukitoa mapumziko. Nimekaa kwenye jiwe, sijui hata niseme nini.

17:20 Mjomba Korogwe: Hiyo kahawia ni Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008. Wingu linamwaga mvua yake huko mlimani, likivuka ukingo halina kitu. Kushoto ni milima ya Upare. Kilimanjaro unaiona?

17:22 Halima: Hapana Mjomba, upande ule umefungwa na mawingu.

17:23 Mjomba Korogwe: Alfajiri. Jua likichomoza ndiyo hujitokeza, si kila siku.

17:25 Halima: Basi letu linaondoka saa kumi na nusu usiku, hata kabla ya adhana. Hatutaiona.

17:40 Halima: Mama kuna bibi hapa dukani ameniuliza mimi wa nani. Nikamtajia bibi. Akaniuliza, "Na yule aliyekuwa anaogopa kuku?"

17:41 Mama: Huyo ni nani
17:41 Mama: Mpe simu
17:41 Mama: Napiga

18:26 Mama mdogo Asha: Dada bado mnaongea?

18:33 Mama: Ndiyo tumemaliza. Tulicheza naye. Nimelia mpaka jirani amekuja kuniuliza kuna msiba gani.

18:35 Mama: Halima, usipande basi la usiku huu. Lala kwa huyo bibi, ameshasema atawapikia makande. Kesho mguu upumzike. Alfajiri katoke uani kwake uitazame Kilimanjaro, unipigie hapo hapo. Keshokutwa ndiyo upande basi.

18:36 Halima: Sawa Mama. Asante Mama.

18:37 Idi: Makande! Mama mkubwa uishi miaka mingi

18:39 Mama mdogo Asha: Halima kabla hujalala nitumie picha ya hicho kisigino. Na buti usiziweke karibu na moto, zitakakamaa.