Mrejesho: kumlisha na kumgeuza mume aliyepata kiharusi

Niliuliza namna ya kumlisha mume wangu anayepaliwa mara kwa mara, na kumgeuza bila kumuumiza. Asanteni sana, ushauri wenu unafanya kazi.

Kwenye chakula, mkao ndio kila kitu. Anakaa wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, na anapewa kijiko cha chai, si cha mezani. Hapewi kingine mpaka koo lionekane limepanda na kushuka. Shavu la upande uliopooza huficha chakula bila yeye kuhisi, kwa hiyo likaguliwe kila baada ya mlo. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, acheni kumlisha na mwambieni mtaalamu. Huenda chakula kinaelekea mapafuni. Asilazwe kabla ya nusu saa kupita baada ya mlo.

Kumgeuza ni kila saa mbili, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kwa ngozi nyeusi msisubiri wekundu kama dalili ya kidonda cha kulalia: papaseni nyonga na mkia wa mgongo, mkitafuta joto au ugumu. Mahali hapo pasikandwe. Mkono uliolegea usivutwe hata kidogo, maana bega huchomoka kwa urahisi. Wakati wa kumhamisha, kiti cha magurudumu kinakaa upande wake wenye nguvu, breki zimefungwa.

Watoto wanamsomea na kumpa maji yaliyofanywa mazito ili asipaliwe, mtu mzima akiwepo. Kumnyanyua tumewakataza. Usiku tunapokezana na shemeji, maana mlezi asiyelala huanza kuchanganya dawa.