Ushauri: nataka kumvusha mke wangu mpaka wa nchi kwa mara ya kwanza, ndoa yetu inatimiza miaka 20

Baba Neema, Kigoma

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Katikati ya Septemba mimi na mama Neema tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Tunaishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Mimi ni fundi wa injini za boti, mwenzangu ni mtu wa dagaa pale Kibirizi. Ananunua alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika, anageuza, anafunga magunia, jua likizama ndipo anarudi nyumbani. Miaka yote hii sijawahi kumpeleka popote kwa ajili ya kupumzika. Safari zake ni msiba au harusi: Kasulu, Uvinza, na mara moja Tabora dada yake alipojifungua.

Mvua ikishapita na hewa ikawa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka jana tulikuwa tunatoka Kibirizi jioni, akasimama na beseni lake tupu kiunoni, akaitazama muda mrefu. Akaniambia, "Baba Neema, hivi mtu anaweza kuzaliwa akafa anaitazama nchi ya watu tu, bila kuikanyaga?" Hakuwa ananilaumu, ndivyo alivyo, anasema jambo na kuendelea na njia. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri. Toka siku hiyo naweka akiba, na sasa nina milioni mbili na laki nne.

Kongo kwenyewe siwezi kumpeleka kwa hali ya vita ilivyo. Rafiki yangu mmoja ananishauri nikope nimpeleke Dubai. Mwingine anasema Bujumbura ni hapa tu. Mwingine anasema Kigali. Nataka siku tano au sita, na nataka iwe siri mpaka asubuhi ya safari. Pasipoti hatuna wote wawili. Nisaidieni mawazo.

Mzee wa Fomu

Mkuu hongera, miaka 20 si mchezo. Ila hiyo siri iondoe kichwani leo. Pasipoti haichukuliwi kwa niaba ya mtu mzima. Mama Neema lazima afike mwenyewe Uhamiaji apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Fomu inajazwa mtandaoni kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unapata namba ya malipo, ada ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja. Kwa hiyo kwenye akiba yako laki tatu imeshaondoka kabla hujapanda basi.

Jambo la pili ni vyeti. Wataomba cheti chake cha kuzaliwa na kithibitisho cha kuzaliwa kwa mzazi wake. Sisi wa mikoa ya mpakani tujiandae kwa maswali ya ziada kuhusu baba na babu, ni kawaida, ukiwa na karatasi zako unajibu unamaliza. Kama hana cheti cha kuzaliwa, anza na hicho wiki hii.

Na usidanganyike na habari kwamba watu wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanafanya hivyo kati yao. Makubaliano yale Tanzania haimo.

Baba Neema, Kigoma

Cheti hana. Amezaliwa kijijini Kalinzi, wakati ule hakuna aliyehangaika navyo. Asante sana mzee, hapo umeniokoa.

Kijana wa Kariakoo

Mimi nasema Dubai kaka. Mara moja kwenye maisha, mpe kitu kikubwa ambacho wenzake pale sokoni hawajakiona. Deni litalipika.

Bi Mwajuma wa Ujiji

Marahaba mwanangu baba Neema. Na wewe kijana wa Kariakoo, nakuheshimu, lakini usimwambie mtu wa dagaa akope kwa ajili ya matembezi. Wewe hujui mwezi wa kukosa ukoje. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wanawake wa Kibirizi waliuza vitenge vyao vya akiba. Ukija na marejesho mwezi kama ule, ile safari mama Neema ataichukia.

Nikueleze yangu. Marehemu mume wangu alitaka kunifurahisha kama wewe. Jioni moja akaniambia vaa, tunaondoka, tukapanda meli ya Liemba hadi Mpulungu, Zambia. Alifanya kwa mapenzi, Mungu amrehemu. Lakini mtoto wangu wa tatu nilikuwa nimemwacha na mafua, na mchele nilioutoa kwa mkopo sikuwa nimekusanya fedha zake. Nililala kwenye meli ile macho wazi nikihesabu wadeni. Watu walikuwa wanaamshana kutazama mwezi unavyotoka juu ya maji, mimi nimejifunika khanga gubigubi. Mpulungu nimefika, lakini ukiniuliza kukoje siwezi kukueleza.

Mwanamke mwenye biashara na watoto hapendi kushtukizwa. Mwambie. Mpe miezi yake ya kujipanga, aweke mtu wa kugeuza dagaa, anunue nguo, awaage wenzake. Ile miezi ya kungoja nayo ni sehemu ya zawadi. Na umuulize anataka kuona nini. Wewe umesikia "nchi ya watu", lakini hujamuuliza nchi ipi.

Baba Neema, Kigoma

Bibi yangu, nimesoma mara mbili. Nitazungumza naye leo.

Muha wa Manyovu

Wakati unaongea naye, mimi nakupa upande wa Burundi. Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni kama kilomita 60, lami. Mnavuka, mnapita Mabanda, mnashuka Nyanza-Lac, halafu Rumonge hadi Bujumbura, na sehemu kubwa ya njia ziwa mnaliona upande wa kushoto. Ni ziwa letu lile lile. Mtanzania hahitaji viza. Mama Neema akiongea Kiha chake atasikilizana na watu vizuri, mimi mwenyewe huwa sihitaji Kifaransa. Mgebuka kule wanauita mukeke, wanauchoma na ndizi, na jioni ukikaa ufukweni Bujumbura ile milima ya Kongo anayoitazama iko karibu kuliko anavyoiona kutoka Kibirizi.

Nisikufiche mabaya. Miaka hii ya karibuni Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta, usafiri unaweza kukwama bila taarifa, kwa hiyo acha siku moja ya ziada. Na kwa kuwa vita ya Kongo imesogea upande ule, uliza hali ilivyo wiki ile ile unayosafiri. Pia usipange kuunganisha Bujumbura na Kigali kwa basi, maana Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024.

Chanjo ya homa ya manjano mchome wote wawili, kadi iwe mkononi. Burundi wanaidai, na mkirudi kwetu mtaulizwa pia. Chanjo ni mara moja, inatambulika maisha yote, ila inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano. Msichome kesho mkasafiri keshokutwa.

Dereva wa Nyakanazi

Mimi napiga njia ya Rusumo miaka mingi, nikuchoree ya Rwanda. Pandeni basi la alfajiri linalopitia Kasulu, Kibondo na Kakonko, mshuke Nyakanazi. Hapo mnapata gari za kwenda Benako na Ngara. Mlale hapo, msikimbilie kuvuka usiku mmechoka. Asubuhi ndiyo Rusumo. Mihuri ya nchi zote mbili mnagongewa sehemu moja, na pale darajani mpaka ni mto Kagera wenyewe, maporomoko yako chini yenu. Mwambie mama asimame atazame, wengi wanapita wanahangaika na mabegi.

Ukishavuka, saa yako irudishe nyuma saa moja. Abiria wangu wengi wamekosea hapo. Na magari kule yanapita kulia, kwa hiyo kabla ya kukatiza barabara anza kutazama kushoto. Siku ya kwanza mshike mkono. Bodaboda inabeba abiria mmoja tu na lazima avae helmeti, hivyo mtakodi mbili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja, usafiri unasimama. Msipange kuondoka saa hizo.

Kigali penyewe ni pazuri, lakini kwa mtu anayetafuta utulivu siku moja inatosha.

Binti Unyanyembe, Tabora

Baba Neema, nimekuwa nasoma kimya hadi nilipoona neno dagaa. Nilifanya kazi miaka minne kule Karongi, mji uko kando ya Ziwa Kivu, watu wengi bado wanauita Kibuye. Ni kama saa tatu kwa basi kutoka stendi ya Nyabugogo pale Kigali.

Kivu lina samaki wadogo wanaoitwa sambaza. Nilipowaona sokoni mara ya kwanza nilisema hawa ni dagaa wa Kigoma! Mzee mmoja akanijibu ndiyo, ni hao hao. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Kivu, kwa sababu Kivu lilikuwa halina samaki wa aina hiyo wa kuishi katikati ya maji. Wakakubali, wakazaana, leo ndio kitoweo cha watu. Wanakaangwa wakavu na kuliwa na pilipili na ndizi.

Jioni wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe. Wanapiga kasia wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na sauti inakufikia kabla hujauona mtumbwi. Giza likiingia wanawasha taa za kuvutia samaki. Mimi ni mtoto wa Tabora, nimekulia kwenye miembe na asali, lakini jioni zile za Karongi nazikumbuka kuliko kitu chochote nilichokiona kule.

Kivu halina mamba wala kiboko, mnaweza kuogelea. Kuna visiwa vidogo mnakwenda kwa boti, kimoja kimejaa popo wakubwa wanaoruka kwa maelfu. Jioni kuna baridi, ziwa liko juu karibu mita 1,460, abebe sweta. Tafuteni nyumba za wageni za makanisa, ni safi na haziumizi mfuko. Lugha isikutishe, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ingawa vijijini utakuta wengi hawakijui.

Ila angalia mwezi. Taa zinafanya kazi gizani. Ukienda mbalamwezi, mitumbwi mingi hutaiona.

Bi Mwajuma wa Ujiji

Na hapo ndipo penye mtihani. Giza ndiyo msimu wa kazi wa mama Neema pia. Mbalamwezi ndiyo likizo ya watu wa dagaa.

Baba Neema, Kigoma

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Niwape majibu.

Nilimwambia usiku ule ule. Hakuruka kwa furaha kama nilivyotarajia. Alinyamaza, akaendelea kukunja nguo za watoto. Baada ya kama dakika kumi akauliza, "Na gunia zangu nani atageuza?" Nikajua amekubali.

Nikampa simu asome mwenyewe uzi huu wote. Ya Dubai aliipita. Ya Bujumbura aliisoma taratibu, akasema ile iwepo kwa siku nyingine, mambo yakitulia. Alipofika kwa Binti Unyanyembe alirudi juu akasoma tena, halafu akaniuliza, "Dagaa wetu wako huko toka miaka hiyo yote?" Kesho yake Kibirizi nzima ilikuwa inajua.

Kwa hiyo ni Karongi. Kuhusu mwezi amekata shauri mwenyewe, tunakwenda mbalamwezi, hata kama itakuwa siku chache baada ya tarehe ya ndoa. Anasema hawezi kuacha dagaa wa giza wakaoza mchangani, na taa anaziona kila mwezi maisha yake yote. Anachotaka ni kukaa juu ya kilima kilichotazama ziwa bila kungoja mtumbwi wowote ufike.

Cheti cha kuzaliwa kimepatikana. Juzi tulikwenda kuchukuliwa alama za vidole, za kwake mashine ikazikataa mara nne. Vidole vimelika kwa chumvi na mchanga, ncha ni laini kama kokoto ya ziwani. Yule kijana alimtendea vizuri, akampa maji na kitambaa, akamwambia asugue polepole, mara ya tano zikasoma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikaitazama ile mikono. Miaka 20 naishika na sikuwahi kuiona hivyo.

Sasa ana swali kwa dereva. Anataka kubeba nusu kilo ya dagaa wake wakavu, akawaweke sahani moja na sambaza aone wamebadilika au la. Rusumo watamruhusu?

Dereva wa Nyakanazi

Shemeji asifiche kitu. Akifika dirishani awatoe mwenyewe, awaonyeshe maofisa, awaeleze ni za kula, wao ndio watasema. Na awafunge kwenye karatasi au kikapu kidogo. Mifuko ya plastiki Rwanda ilipigwa marufuku tangu 2008, hata ule mwembamba wa kufungia karanga wanaukamata. Mkifika Nyakanazi nitafuteni hapa, niwaonyeshe gari la kupanda.