Wakuu, mmea huu niung'oe au niuache?

MamaKibada: Habari za jioni wakuu. Nina bustani ya nyanya nyuma ya nyumba niliyopanga huku Kibada, Kigamboni. Msimu uliopita nyanya zilidumaa, nikizing'oa nakuta mizizi imejaa vinundu. Sasa katikati ya matuta kuna mmea umeota, umenifika kifuani, ukigusa jani harufu inabaki mkononi hadi jioni. Ni mmea gani? Niung'oe? Siku ya tatu leo sipati usingizi.

FundiMizizi: Vinundu hivyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na udongo wa kichanga wa Kigamboni wanaupenda mno. Mimi Chanika walinimalizia bamia nikaishia kuuza pampu ya maji. Pole sana.

BabuWaMbezi: Uzi bila picha haunogi. Halafu mmea tu ndio ukunyime usingizi siku tatu? Kuna kitu hujasema, mama.

MamaKibada: Picha inagoma kupanda. Haya, haukuota wenyewe. Shangazi alitoka Lushoto akanipa mbegu, yeye anauita bangi mwitu, akasema unafukuza hao minyoo. Nilisia mwezi wa tatu. Miche kama 60.

BotaniaMlimani: Kama ni huo, jina la kitaalamu ni Tagetes minuta, asili yake Amerika Kusini. Hilo minuta ni udogo wa ua, maana mmea wenyewe hufika mita 2. Maua ni vibomba vyembamba vya kijani vilivyokaa vishada juu, kila kimoja na vipetali vya njano iliyopauka, mara nyingi 3. Inua jani kwenye jua utaona vitone vya mafuta, ndiko harufu inakotoka. Shangazi hakukudanganya kuhusu minyoo, ila kuuchomeka kati ya nyanya hakusaidii sana. Unasiwa peke yake, umebanana, miezi kadhaa kabla ya nyanya kuingia.

SautiYaMtaa: Dada, jina lenyewe lina bangi ndani yake. Majirani wanasemaje?

MamaKibada: Jirani kamwambia mwenye nyumba kwamba nalima bangi. Mwenye nyumba kaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wanakuja Jumamosi. Jana usiku nimeng'oa matuta mawili nikachoma, leo namalizia. Msinilaumu. Nina watoto wawili, nikifukuzwa hapa naenda wapi? Heri wakute ardhi tupu.

UstadhiKimya: Nyumba ya kupanga ni amana. Ungemwomba ruhusa mwenyewe kabla ya kusia, haya yote yasingekuwepo.

KijanaWaFeri: Hii chai. Kalima bangi yenyewe, anatafuta uzi wa kumwonyesha mwenyekiti Jumamosi. Nani anachoma maua usiku? Kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, msije mkajiponza kwa kumsaidia.

BabuWaMbezi: Mimi tangu mwanzo niliuliza picha.

BotaniaMlimani: Mmea wenyewe utajibu. MamaKibada, vijani vinatokea wapi? Na mbegu zikoje?

MamaKibada: Vinatokea pande mbili za kijiti, kama unyoya, na nchani kuna kimoja peke yake. Nimehesabu 13, kingo zina meno meno. Mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano, zina vimiba kichwani. Kanga niliyovaa jana usiku nimekaa saa nzima nazichomoa moja moja, na bado zipo. Kaka wa Feri, sina sababu ya kudanganya.

BotaniaMlimani: Basi si bangi. Jani la bangi ni kama kiganja, vidole vyote vinatoka sehemu moja, na mbegu yake ni ya mviringo. Acha kung'oa sasa hivi! Unachokichoma ndicho ushahidi wako, na moto wa usiku ndio unaompa jirani maneno. Chukua shina moja lenye maua, ulilaze kati ya magazeti, uweke vitu vizito juu. Kesho lipeleke idara ya Botania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganisha nayo. Kisha nenda kwa mwenyekiti kabla hajaja kwako. Kosa lako la kweli ni kuuacha ukomaze mbegu. Mwakani utaukuta hadi kwa huyo jirani. Vikonyo vyote vyenye mbegu vikate uvifunge kwenye mfuko, na uvae glovu, utomvu wake unawasha baadhi ya watu.

KijanaWaFeri: Hizo mbegu za kung'ang'ania nguo nimezikumbuka. Kwa bibi, Mufindi, zilijaa kwenye soksi tukitoka shule. Neno la chai nalifuta. Samahani dada.

FundiMizizi: Hizo mbegu, ukibakiwa nazo, nitumie Chanika.

MamaKibada: Gazeti sina, nimetumia daftari la mtoto na jiwe la kusagia. Mashina 41 yamebaki, sijayagusa tena. Mwenye nyumba nimempigia mara mbili hapokei. Asubuhi napanda kivuko.