Naombeni ushauri: bei ya magauni ya sare imebadilika mara tatu na mwali anatoka mwezi ujao

Dogo wa Chikongola (mleta mada)
Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Niko Mtwara mjini. Nina jambo linaninyima usingizi, nishaurini bila matusi tafadhali.

Kuna duka la nguo la Dar linalouza mtandaoni, jina nalihifadhi. Desemba niliwaagiza magauni 8 ya kitenge ya kikoba chetu. Gauni 35,000, usafiri mpaka Mtwara juu yao. Mzigo ulifika ndani ya siku nne, mshono umenyooka, ndani kuna bitana, zipu haikwami. Nikawaamini.

Katikati ya mwezi wa 5 nikaagiza tena, safari hii 26, sare za shughuli ya mtoto wa dada yangu. Mwali anatoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 7. Tukakubaliana bei ileile, nikalipa nusu, 455,000. Wiki mbili baadaye wananiandikia gharama za uzalishaji zimepanda, gauni sasa 42,000. Nikanung'unika nikakubali. Wiki iliyofuata wanasema usafiri wa mikoani mteja anajilipia, 3,000 kwa gauni. Kwa GAUNI wakuu, siyo kwa kifurushi! Juzi ndiyo wakamalizia: hawashonei tena Dar, nguo zinatoka China, meli zinazunguka kwa sababu ya mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu, kwa hiyo nisishangae bei ikisogea tena kidogo.

Nimalizie hela au nidai nilichotoa? Na nikimalizia, ni vibaya kuwaomba kina mama waongeze?

Salfa Kavu
Umachinga asili yake ni huko huko Kusini, halafu leo mtu wa Kusini anapigwa na ukurasa wa Insta. Dunia imegeuka. Naweka kigoda hapa.

Fundi Sindano
Mimi nina cherehani mbili Magomeni hapo hapo Mtwara, na nyie kila shughuli ni "tumeagiza Dar". Mwaka jana kuna harusi walinipita hivyo hivyo, hata salamu hakuna. Siku mbili kabla ya shughuli wakanigongea saa 4 usiku na magauni 11 yanabana makwapani. Kufumua bitana ya mtu mwingine ni kazi mbaya kuliko kushona jipya, muulizeni fundi yeyote. Nilikesha. Na hela yenyewe walinimalizia mwezi wa 11, korosho zilipouzwa.

Dogo wa Chikongola
Fundi nakuheshimu, lakini sikuuliza kuhusu kushona huku. Mwezi huu mafundi wote mmejaa sare za shughuli, nani atanishonea 26?

Fundi Sindano
Hukuuliza.

Mzee wa Ndundu
Vijana mnalalamikia usafiri wakati lami mnayo. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Ukikuta limeharibika unatandika mkeka. Mvua zikikolea unakaa wiki. Niliwahi kupeleka doti 40 za khanga Lindi kwa ajili ya Idi, zikafika siku ya pili baada ya Idi. Niliziuza kwa bei ya kulia.

Abiria Siti ya Nyuma
Mzee, hata lami inakatika. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, maji yalikata barabara kule Somanga na mimi nilikuwa ndani ya basi natokea Dar. Tulikula pweza mpaka taya zikauma. Jirani yangu wa siti alikuwa na trei za mayai, sitasimulia harufu.

Ila kwa mleta mada: 3,000 kwa gauni ni wizi wa mchana. Magauni 26 ya kitenge yanaingia kwenye kiroba kimoja kikubwa, tena na nafasi ya viatu. Wiki iliyopita nimelipia kiroba cha hivyo Dar mpaka Mtwara 15,000, na kondakta nilibishana naye. Wao wanataka 78,000. Waambie wakupe risiti ya mzigo, ulipie wewe stendi.

Kontena Arobaini
Naagiza nguo China mwaka wa saba huu, nieleze kidogo.

Kwanza, kama mzigo uliagizwa katikati ya mwezi wa 5, hauwezi kushonwa China, kupakiwa, kufika Dar na kutolewa bandarini kabla ya mwali wako kutoka. Baharini peke yake ni wiki kadhaa. Kwa hiyo ama wana mzigo tayari stoo, ama wanakudanganya, ama hukusikia vizuri.

Pili, Bahari ya Shamu. Meli ya China kuja Dar inakatiza Bahari ya Hindi, Shamu haiigusi. Wanaozunguka Rasi ya Tumaini Jema ni wa kwenda Ulaya. Ila tusiwaonee pia: tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza safari ndefu, makontena yaliadimika na nauli ikapanda hata njia zisizohusika. Kwa hiyo sababu waliyoitaja ina ukweli nusu.

Tatu, kushona nje siyo lazima iwe nafuu. Nguo iliyokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki, kiwango cha juu cha ushuru ni 35% tangu Julai 2022, juu yake VAT 18% ambayo inapigwa hata kwenye huo ushuru. Na ukishonea Dar usidhani umeikwepa dola, vitenge vingi vya Kariakoo vyenyewe vinatoka huko huko. Mwaka 2024 dola ilivuka 2,600, nilikuwa na oda ya watu na bei nilishawatajia. Nilikula hasara kimya kimya. Mteja niliyemtajia bei hahusiki na dola yangu.

Dogo wa Chikongola
Kontena asante sana. Hilo la mwisho ndilo nitawaandikia.

Wakili wa Mtaani
Mteja, muuzaji akishataja bei, ukaikubali na akapokea malipo, hayo ni makubaliano. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Bei haibadiliki kwa upande mmoja kuamka vibaya. Tatizo lako umeandika mwenyewe: "nikanung'unika nikakubali". Ulikubali kwa maandishi? Kama hukuandika, bado una pa kusimamia. Tume ya Ushindani, FCC, nao wanapokea malalamiko ya mlaji, ila shughuli ni mwezi ujao na malalamiko hayaendi kwa basi.

Swali: hao kina mama umewachangisha shilingi ngapi kila mmoja?

Dogo wa Chikongola
Niliwaandikia "sawa" na kialama cha kulia. Sijui kama inahesabika.

Kina mama wameshachanga, hilo siyo tatizo. Tatizo ni hawa wa Dar kubadilika kila wiki. Mtu anafungua duka, watu wanamwamini, halafu anaanza kuweka vigharama vya pembeni ambavyo hakuvisema mwanzo!

Bibi Naliendele
Mwanangu, umeulizwa shilingi ngapi.

Dogo wa Chikongola
Bibi shikamoo. Walichanga kulingana na bei.

Bibi Naliendele
Marahaba. Bei gani?

Dogo wa Chikongola
45,000.

Salfa Kavu
🤣🤣🤣 Sogezeni vigoda.

Kontena Arobaini
Ngoja. Bei 35,000, umechangisha 45,000. Kwa magauni 26 ni 260,000 ya kwako. Na nyongeza yote ya duka, 7,000 na 3,000, ni 10,000 kwa gauni, yaani 260,000 ileile. Basi hela unayo, tatizo liko wapi?

Dogo wa Chikongola
Ingekuwepo nisingekuja hapa.

Wakuu msinihukumu. Nani alipima kina mama 26 mmoja mmoja? Mimi. Wengine mpaka Nanyamba nimewafuata kwa boda. Vocha yangu, muda wangu, na mzigo ukifika saa 9 usiku ni mimi wa kwenda stendi. Hata huko Dar ukimtuma mtu Kariakoo anajiwekea cha juu. Na mwanangu amechaguliwa kidato cha tano, fomu ya kujiunga inataka godoro, tranka, michango. Shule haisubiri korosho. Nilijua nikimalizia nusu iliyobaki nimemaliza kazi, yote yamelala sawa.

Bibi Naliendele
Cha juu si dhambi ukikisema. Zamani somo wa mwali akinunua vitenge vya wote, analeta na karatasi ya duka, mnaisoma mbele ya ngoma. Sasa umewaomba waongeze au bado?

Dogo wa Chikongola
Niliwaandikia jana kwenye kundi. 10,000 kila mmoja kwa sababu gharama zimepanda. Na zimepanda kweli, sijadanganya.

Abiria Siti ya Nyuma
Kumbe ushauri unaombwa na uamuzi umeshapanda basi.

Mzee wa Ndundu
Mwezi wa 6 mama wa Nanyamba ana 10,000? Sasa hivi kila senti inakwenda kwenye salfa. Mikorosho usipoipulizia muda huu utakuja kuokota majani.

Chai Rangi
Samahanini wanaolia, mimi nanusa chai, hadithi ya kutunga. Angalieni hesabu: 260 imekwenda kwenye tranka, 260 imeongezwa na duka, 260 inachangishwa upya. Imekaa kama swali la darasa la saba. Mtwara hakuna chenji? Maisha ya kweli yanabaki 3,700 na mtu mmoja hajalipa.

Halafu akaunti inaitwa DOGO wa Chikongola. Mwezi wa 3 akaunti hii hii ilitangaza pikipiki ya kuuza, "natafuta mtaji nioe". Leo imekuwa mama mwenye mtoto kidato cha tano. Miezi mitatu!

Salfa Kavu
Mtaji umezaa haraka.

Wakili wa Mtaani
Hoja ya Chai ina mashiko. Mleta mada, ufafanuzi.

Chai Rangi
Kwa ninavyoona huyu ni mshindani wa hilo duka. Anatupa habari za 3,000 kwa gauni, mara China, mara Shamu. Kesho atakuja mtu hapa na "mimi huwa naagiza kwa fulani, usafiri bure". Nimeshauona mchezo huo kwenye uzi wa mawigi.

Fundi Sindano
Unanisema mimi?

Chai Rangi
Sijataja mtu. Ila umejishtukia haraka.

Fundi Sindano
Sina hata Insta! Nina cherehani ya kukanyaga na deni la umeme wa pasi!

Kontena Arobaini
Turudi kwenye mada jamani. Hata ikiwa chai, swali la usafiri kwa kila pisi ni la kweli, wauzaji wengi wameanza. Bei ya gauni wanaiacha chini ili ikuvute, halafu...

Chai Rangi
Weka picha ya malipo, ficha namba. Bila picha naenda kulala.

Dogo wa Chikongola
Akaunti ni ya mdogo wangu, ndiye mwenye pikipiki, na haijauzwa mpaka leo mkitaka. Simu yangu haina nafasi ya kupakia programu hii, natumia yake akilala. Picha siweki, jina langu linaonekana na humu kuna watu wa Chikongola.

Na Chai, hesabu inalingana kwa sababu mimi nilipanga 45,000 kwa kuangalia duka jingine la Dar lililokuwa linauza 45,000. Sasa hawa nao wamefika huko huko. Chenji unayoitaka ipo: kuna mama mmoja bado hajalipa, nilimwekea kutoka mfukoni. Furahi.

Chai Rangi
Hilo la mama asiyelipa ndilo la kwanza kuliamini.

Wakili wa Mtaani
Piga simu dukani, usiandike, watu huogopa sauti. Sema mambo matatu tu: bei ya siku nilipolipa, kiroba nalipia mwenyewe kwa risiti, na kama hamuwezi mrudishe 455,000 kabla ya Ijumaa. Kisha nyamaza.

Dogo wa Chikongola (siku mbili baadaye)
Mrejesho. Nimepiga. Amepokea dada mmoja, kumbe China ni magauni ya dizaini mpya, ya kwangu yako kwa mafundi wao Dar na 19 yameshakamilika. Nikamuuliza Shamu imeingiaje, akasema ujumbe ule wanautuma kwa wateja wote. Tumebishana mpaka vocha ikakata, akanipigia yeye. 38,000, kiroba nalipia mimi. Kinapanda basi Alhamisi.

Nimepungukiwa 93,000 na nauli ya kiroba imo. Pikipiki ya mdogo wangu kuna mtu wa Mikindani anaitaka.

Bibi Naliendele
Na kwenye kundi umeandika?

Dogo wa Chikongola
Bado bibi. Wanne walikuwa wameshatuma 10,000.

Bibi Naliendele
Umewarudishia?

Dogo wa Chikongola
Mmoja.

Fundi Sindano
Zikifika zikibana makwapani, mimi niko Magomeni. Ila saa 4 usiku ina bei yake, naitaja kabisa mapema.