Kundi O kumpa figo mwenye kundi A: inatosha?

Mnyalu: Wakuu, kaka ni kundi O, mdogo wake ni A, anasafishwa damu hapa Mbeya. Ukoo unamshinikiza kaka atoe figo. Makundi yakiendana basi?

Uyole: O anampa A, na chanya au hasi ya kundi (O+ au O-) haizuii. Kizingiti ni kipimo cha mwisho: seramu (majimaji ya damu) ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyeupe za mtoaji. Zikishambuliwa, upasuaji husimama, maana figo inaweza kufa ndani ya dakika au saa chache. Ndiyo maana mgonjwa asiongezewe damu ovyo. Kila chupa inaweza kumzalishia kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia chembe hizo.

Mama Tukuyu: Hilo la ukoo ndilo linaniumiza. Kaka aonwe na daktari peke yake, wazee wabaki nje. Akikataa, familia iambiwe tu kwamba hafai kutoa. Akiwa na kisukari, hafai kweli.

Isyesye: Wakifanikiwa (Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapandikiza tangu 2018), takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, ni kila saa 12. Siku ya kupima kiwango chake, damu itolewe KABLA ya dozi ya asubuhi. Wengi humeza kwanza, majibu yanakuja juu, dozi inapunguzwa bure. Balungi asiguse, hupandisha dawa. Rifampisini ya TB huishusha mno, na hapo mwili huikataa figo.