Tuliambiwa tusiposoma tutabeba zege. Nimesoma, na sasa nalitaka hilo zege

Wakuu, nimenyamaza miaka sita. Leo nasema, na mwenye "subira yavuta heri" yake naomba abaki nayo, hiyo nimeshaisikia kuanzia kwa Mama hadi kwa watu tuliokutana msibani.

Nina miaka 29 na shahada ya utawala wa biashara. Sikufeli somo hata moja. Sikuwahi kukosa kipindi kwa uvivu. Kila nilichoambiwa nifanye, nilifanya, na hasira yangu inatoka hapohapo. Aliyeyachezea maisha anaweza kujilaumu mwenyewe akanyamaza. Mimi nilifuata njia niliyoonyeshwa hatua kwa hatua, na pale waliposema nitakuta mlango nimekuta ukuta.

Nianze na kitu kimoja ambacho hakijanitoka kichwani tangu darasa la tano. Kulikuwa na fundi anapiga lipu ukuta wa darasa la jirani. Mwalimu akanyoosha chaki dirishani akatuambia: "Mnamwona yule? Hakusoma. Msiposoma mtaishia kubeba zege kama yeye." Yule baba alikuwa hatua chache tu kutoka dirishani na alisikia kila neno. Hakugeuka. Aliendelea kunyoosha lipu yake kwa ubao, polepole, juu mpaka chini. Darasa zima tulicheka, na mimi nilicheka. Leo ningempata yule mzee ningempigia magoti.

Maana pale ndipo tulipoharibiwa. Hatukuambiwa kuna kazi za aina mbalimbali na kila moja ina elimu yake. Tuliambiwa kuna waliofaulu na kuna waliobaki, na ufundi ni wa waliobaki. Aliyefanya vibaya kwenye mtihani alipelekwa chuo cha ufundi kama anayepelekwa adhabu. Sasa kwa hali hiyo ni mtoto gani mwenye alama nzuri angesimama aseme mimi nataka kuwa fundi umeme? Nyumbani wangemwita wamuulize nani kamroga.

Baada ya kuhitimu niliandika barua za kazi mpaka nikaacha kuzihesabu. Tangazo linataka mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano. Naomba mtu anieleze huo uzoefu mhitimu mpya anautoa wapi. Nilijitolea miezi minane kwenye ofisi moja, bila malipo, nikiahidiwa mkataba kila mwezi unapoisha. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua majina kwenye karatasi na kuyaingiza kwenye kompyuta, basi. Mwezi wa tisa wakaleta vijana wengine wa kujitolea, sisi tukashukuriwa kwa barua. Hiyo kazi angeifanya mtoto yeyote anayejua kusoma, lakini mlangoni walitaka shahada.

Na hili si jambo la ajabu kwa wanaojua. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence aliandika kwamba mwajiri hawezi kuona uwezo wa mtu kabla ya kumwajiri, kwa hiyo anatazama cheti kama ishara, hata kama yale uliyosoma hayakuongezei chochote kwenye kazi. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Fikirini maana yake. Ishara ina thamani pale wachache wanapokuwa nayo. Kila mtu akishika tochi, yako haionekani tena. Ndiyo maana ninaambiwa sasa nikasome shahada ya uzamili. Nikatafute tochi kubwa zaidi! Kwa mkopo mwingine, wakati ule wa kwanza bado unanisubiri.

Sasa niwaeleze kilichonifungua macho.

Jirani yangu ana karakana ya kuchomelea. Alipata kazi ya kutengeneza mageti na madirisha ya jengo zima, akaniomba nimsaidie kuandika makadirio ya vyuma kwa kuwa mimi ni msomi. Nikakaa na kompyuta yangu, nikapiga hesabu safi, jumla zimenyooka. Akaisoma karatasi kama dakika mbili, akaniuliza: "Diski umeiweka wapi?" Sikuelewa. Akasema kila unapokata chuma kwa mashine yake, diski inakula milimita 3. Ukikata mara 40, sentimita 12 zimeshakuwa vumbi, na kipande chako cha mwisho kitakuwa kifupi. Yule mtu aliishia darasa la saba. Mimi nilisoma hesabu za biashara mihula miwili na hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kukata kwenyewe kunakula.

Wiki hiyohiyo nikamwona akipima kona ya fremu. Alipima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, halafu akavuta tepu mshazari. Ilipogonga 5 kamili akasema kona imekaa, piga. Wakuu, hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Niliikariri sekondari, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa vema, nikaisahau. Miaka yote nilidhani kazi yake ilikuwa kunipatia alama. Kumbe watu wanasimamishia majengo kwayo, na wanaoisimamishia ndio hao tulioambiwa hawakusoma.

Nikaanza kwenda pale kila siku. Akanipa kinyago na kijiti cha kuchomelea. Siku ya kwanza kijiti kilikuwa kinanata kwenye chuma kila nikigusa. Akaniambia nisitazame tu, nisikilize, kwa sababu umeme ukikaa sawa unatoa mlio mmoja mfululizo kama mafuta yanayokaanga, na ukiinua mkono kidogo tu mlio unavunjika. Akanisomesha namba zilizoandikwa kwenye vijiti. Kile cha 6013 ni cha kazi nyingi za kawaida. Kile cha 7018 ni cha chuma kinachobeba mzigo, na lazima kikae pakavu, tena kwenye joto, kwa sababu kikivuta unyevu, haidrojeni inaingia kwenye kiungo na chuma kinaweza kupasuka siku moja au mbili baada ya wewe kuondoka ukidhani umemaliza. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema kwa fundi wake, na fundi wake alijifunza kwa kiungo kilichompasukia.

Sasa niambieni hapo akili iko wapi na mikono iko wapi. Mnaweza kuvitenganisha?

Kuna mtu alivitenganisha, na hapa ndipo ninapochomwa zaidi, kwa sababu jina lake nililisoma mwaka wa kwanza. Frederick Winslow Taylor, baba wa usimamizi wa kisayansi, kitabu chake cha 1911 hakuna mwanafunzi wa utawala asiyekikuta. Tulifundishwa kwamba kupanga kazi ni jukumu la ofisi na kutenda ni jukumu la karakana, kwamba fikra zote zinazowezekana ziondolewe kule chini kwa mafundi zipelekwe juu kwa wapangaji. Tuliandika insha juu ya hilo. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba Taylor mwenyewe alifaulu mtihani wa kuingia Harvard, asiende. Mwaka 1874 akaanza kama mwanagenzi karakanani Philadelphia, akajifunza kuchonga vielelezo vya kalibu, yaani mifano ya kutengenezea ukungu wa kumiminia chuma, na kuendesha mashine. Shahada ya uhandisi aliipata 1883, akiwa tayari mtu wa kiwandani. Alichokijua kuhusu kazi alikijua kwa kushika chuma, halafu akaandika kwamba anayeshika chuma asifikiri. Na mimi nikafundishwa nusu ya pili tu ya habari hiyo, nikaamini kwamba mahali pangu ni juu ya mafundi kabla sijawahi kushika hata bisibisi.

Naambiwa ndivyo dunia ilivyo. Si kweli. Ujerumani wana sheria ya mafunzo ya kazi tangu 1969. Kijana anaingia mkataba na mwajiri, siku kadhaa za wiki yuko kazini na zinazobaki yuko shule ya ufundi, na analipwa akiwa anajifunza, miaka miwili hadi mitatu na nusu hivi. Cheti chao cha Meister, yaani fundi bingwa aliyeruhusiwa kufundisha wengine, kimewekwa ngazi ya 6 kwenye mfumo wao wa sifa za elimu, ngazi ileile ya shahada ya kwanza. Uswisi karibu theluthi mbili ya vijana wakimaliza shule ya lazima wanachukua njia hiyo ya ufundi, na hakuna anayewacheka dirishani. Sisemi kule ni peponi. Ninachosema ni kwamba kuna watu walikaa wakaamua fundi ni mtu aliyesoma, wakaliandika kwenye sheria. Sisi tuliamua vingine, na uamuzi ule tunaulipia watoto wa wakati ule.

Najua watakaokuja na "hujui ugumu wa kazi za mikono". Nimeuona. Usiku mmoja nilirudi macho yanawaka kama yametiwa mchanga kwa sababu niliinua kinyago mapema, sikulala mpaka alfajiri. Jirani ana miaka 47 na mgongo wake asubuhi unachukua muda kunyooka. Kuna wiki mteja halipi, na fundi hana bima, hana likizo, akiumia ndiyo basi. Hayo yote nayahesabu. Lakini jioni anaondoka akiacha geti limesimama. Mimi katika miezi minane ya kuingiza majina sijui hata kama kuna mtu aliyewahi kuyafungua yale mafaili.

Na wale wa "unganisha shahada na ufundi, fungua kampuni, ajiri mafundi", naomba mnielewe vizuri. Hilo ndilo jibu lilelile la darasani, kwamba msomi hata akiingia karakanani aingie kama bosi. Sitaki kuwaajiri mafundi. Nataka kuwa fundi. Nataka mikono yangu ijue kitu.

Kinachonishika ni nyumbani. Mama aliuza shamba la urithi wake ili nimalize mwaka wa mwisho. Kwenye ukuta wa sebule kuna picha yangu na joho. Wageni wakija anawaonyesha. Nilipogusia tu habari ya karakana hakugomba, na bora angegomba. Alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza: "Sasa nitawaambia nini watu, mwanangu?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Simlaumu hata kidogo. Yeye aliambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, akayaamini, akayatolea shamba. Hasira yangu ni kwa waliomwambia. Waliosimama kwenye mahafali wakatuita viongozi wa kesho huku wakijua waliohitimu kabla yetu bado wanazunguka na bahasha.

Kwa hiyo nauliza waliopo humu, na naomba wanijibu mafundi wenyewe kwanza, hao wengine baadaye. Mtu wa miaka 29 mnampokea kama mwanagenzi, au mnamwona amechelewa? Miaka mingapi mpaka mteja akuamini bila fundi mkuu kusimama nyuma yako? Ni bora nibaki kwa jirani nijifunze kwa kutazama, au nitafute kwanza chuo nipate cheti cha majaribio ya ufundi ndipo nirudi? Na kama kuna aliyewahi kutoka ofisini akaingia karakanani, aliwaambiaje wazazi wake? Hilo la mwisho naliuliza kwa dhati kabisa. Jirani ameshasema Jumatatu nije na buti zangu mwenyewe, na leo ni Ijumaa.